UZI: Kazi ya ushauri wa ajira ilivyo kwa ndani: ada, usaili, ofa na mahali dili linapovunjikia

Mizani (mleta uzi)

Wakuu, wengi wanaotaka kuingia kwenye uwakala wa ajira wanadhani kazi ni kupokea CV, kuzichambua na kuzipeleka kwa mwajiri. Hiyo ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ya siku inaishia kwenye simu: kwa waajiri ambao hawakujui, kwa watu walio kazini na ambao hawajaomba kazi yoyote, na za kufuatilia majibu yaliyotakiwa kufika jana. Kama simu hupendi, fikiria mara mbili.

Naanza na pesa kwa sababu ndiyo inayoeleza tabia zote za kazi hii.

Anayelipa ni mwajiri. Mfumo wa kawaida ni kwamba unalipwa pale tu mtu wako anapoajiriwa, na ada mara nyingi ni kati ya asilimia 15 na 25 ya mshahara ghafi wa mwaka wa kwanza. Nafasi ya mshahara wa 2,000 kwa mwezi ni 24,000 kwa mwaka. Kwa asilimia 20 ada yako ni 4,800. Mteja akifuta nafasi baada ya wiki sita za kazi yako, hupati kitu. Mfumo wa pili ni wa kutafuta viongozi wa juu. Huko ada huweza kufika theluthi ya mshahara wa mwaka, na hulipwa kwa mafungu matatu: mkataba unaposainiwa, orodha fupi inapowasilishwa, na mtu anapokubali ofa. Mteja aliyekwisha kulipa fungu la kwanza hujibu simu zako siku hiyohiyo. Tofauti ya nidhamu kati ya mifumo hii miwili ni kubwa mno.

Masharti yasainiwe kabla CV ya kwanza haijatoka. Angalia asilimia inakokotolewa juu ya nini: mshahara mtupu, au pamoja na posho za kudumu na bonasi ya uhakika. Angalia siku za kulipa ankara. Angalia umiliki wa jina, yaani kipindi (mara nyingi miezi 6 hadi 12) ambacho mteja akimwajiri mtu uliyemtambulisha wewe, hata kwa nafasi nyingine, ada inadaiwa. Na angalia dhamana. Dhamana ya siku 90 inaweza kuandikwa hivi: mtu wako akiondoka ndani ya mwezi wa kwanza unarudisha asilimia 100 ya ada, wa pili asilimia 50, wa tatu asilimia 25. Weka sharti kwamba dhamana inafanya kazi tu kama ankara ililipwa kwa wakati, na kwamba haihusu mtu aliyepunguzwa kazi kwa sababu kampuni imebadili muundo. Bila sentensi hizo mbili utarudisha pesa kwa kosa lisilo lako.

Wadau wengine ongezeeni.

Bi Shani

Mleta uzi kaeleza vizuri upande wa pesa. Mimi naweka mkazo kwenye mazungumzo ya kwanza na mteja, yale ya kupokea nafasi. Dili nyingi zinazokufa wiki ya nane zilikufa siku hiyo, ila hakuna aliyeona.

Usikubali kupokea tangazo la kazi kwa barua pepe ukaanza kutafuta. Omba dakika 40 na meneja ambaye mtu huyo atakuwa chini yake. Afisa wa rasilimali watu peke yake hatoshi, maana ndiye anayejua taratibu lakini kazi yenyewe anaijua meneja. Uliza kwa nini nafasi iko wazi. Kama mtu aliondoka, aliondoka kwenda wapi na kwa nini. Nafasi imekuwa wazi muda gani, wameshasaili wangapi, na waliowakataa waliwakatalia nini hasa. Hilo la mwisho lina thamani kuliko tangazo zima: ukisikia "alikuwa mzuri ila hakuwahi kusimamia watu", umepata sharti ambalo halikuandikwa popote.

Halafu uliza hivi: mtu huyu akimaliza siku 90, ni vitu gani vitatu vitakuwa vimefanyika hadi useme umempata sahihi? Jibu lake ndilo la kuandikia wito wako kwa watafutwa, yaani watu unaowatafuta kwa nafasi hiyo. Kama meneja hawezi kujibu, nafasi haijaiva.

Mshahara usiulize "bajeti ni ngapi" tu. Uliza kiwango cha juu kilichokwisha idhinishwa, na nani aliidhinisha. Kisha funga ratiba mkiwa bado kwenye mazungumzo: lini unapeleka majina, lini wanajibu, tarehe mbili za usaili ziingie kwenye kalenda zao siku hiyohiyo. Mteja asiyeweza kukupa tarehe mbili hana haraka, hata kama kaandika neno "haraka" mara tatu kwenye barua pepe.

Na masharti ya lazima yapunguzwe hadi manne au matano. Meneja anayetaka vitu kumi na viwili, msomee orodha yake moja baada ya jingine umuulize, "Akiwa na vingine vyote ila hiki hana, utakataa kumsaili?" Vingi vitaanguka vyenyewe. Miaka ya uzoefu ndiyo ya kubana zaidi. Uchambuzi wa Sackett na wenzake wa mwaka 2022 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi uliuweka usaili wenye muundo (maswali yaleyale kwa kila msailiwa) juu, na idadi ya miaka ya uzoefu ikawa miongoni mwa vipimo dhaifu vya kubashiri nani atafanya kazi vizuri. Bado tunawaacha watu kwa sababu ya mwaka mmoja pungufu. Inauma.

Chipukizi_Ajira

Asanteni wakuu. Swali: mtu anajuaje kama anafanya vizuri kabla dili halijafungwa? Naona ofisi nyingi zinahesabu idadi ya simu na idadi ya CV.

Mizani

Chipukizi, idadi ya simu inafaa miezi ya mwanzo kwa sababu inajenga mazoea. Baada ya hapo angalia uwiano, na uone mnyororo unakatikia wapi.

CV zinakwenda, usaili hauji: tatizo liko kwenye maelezo ya nafasi. Ukishapeleka watu watano na hakuna hata mmoja aliyeitwa, usitafute wa sita. Mpigie meneja mpitie CV mbili pamoja mstari kwa mstari, na akuonyeshe jicho lake lilisimama wapi.

Usaili unafanyika, ofa haiji: ama wanaoamua ni wengi na hawajakubaliana wanataka nini, ama unawaingiza watu bila maandalizi. Ofa zinatoka na kukataliwa: hukuuliza mshahara na sababu ya kuhama mapema vya kutosha. Wanakubali ofa kisha hawaanzi kazi: hapo uliwaacha peke yao kipindi cha notisi.

Ni matatizo manne tofauti, kila moja na tiba yake. Anayeambiwa tu "ongeza simu" ataongeza simu na ataendelea kukatikia palepale.

Msasa

Niongeze kwenye CV. Peleka tatu, si sita. Ukipeleka sita mteja anaona kuna nyingine nyingi zinakuja na anasubiri. Ukipeleka tatu zenye maelezo mafupi ya kwa nini kila mmoja, anachagua.

Bi Shani

Kaka Msasa, kwa nafasi za kitaalamu nakubaliana nawe. Kwa nafasi za mauzo au huduma kwa wateja, ambako mteja anaajiri watu wanane kwa mpigo, tatu hazitoshi. Atakwenda kwa wakala mwingine mchana huohuo. Idadi ifuate nafasi.

Msasa

Sawa dada, hapo nimekuelewa. Nilikuwa nafikiria nafasi ya mtu mmoja.

Kuhusu kutafuta, wengi wanakwama kwenye sanduku la utafutaji la LinkedIn na kwenye hifadhi zao wenyewe za CV. Andika majina yote ya cheo hicho kama watu wanavyojiita, si kama mteja anavyokiita. Mhasibu mwandamizi mahali pengine ni afisa fedha, kwingine ni mchambuzi wa fedha, na wote wanafanya kazi ileile. Yaunganishe kwa OR na uyafunge yote ndani ya mabano. Cheo cha maneno mawili kifungwe kwa alama za nukuu. Ujuzi wa lazima unaunganishwa kwa AND, na usichotaka kinaondolewa kwa NOT. Viunganishi hivyo viandikwe kwa herufi kubwa, vinginevyo LinkedIn inaviona kama maneno ya kawaida. Na usinakili maneno kutoka kwenye waraka uliobadilisha alama za nukuu kuwa za kupinda: hizo haizitambui, na utapata matokeo ya ajabu bila kujua sababu.

Matokeo yakizidi mia chache, bana. Yakiwa chini ya ishirini, umeweka NOT nyingi au umesahau jina moja la cheo. Na kabla hujatoka nje, tafuta kwanza kwenye hifadhi yenu. Mtu aliyekosa nafasi mwaka jana kwa sababu alikuwa wa pili ndiye mtu wa kupigiwa wa kwanza mwaka huu. Ofisi nyingi zinalipia matangazo kutafuta watu ambao tayari wanao, kwa sababu tu hakuna aliyeandika maelezo ya simu ya mwisho.

Nanga77

Kuhusu simu ya kwanza na mtafutwa. Tenga dakika 20 hadi 30, na usianze kwa kusifia nafasi. Ukianza kwa kusifia, yeye anakaa kimya anakusikiliza, nawe huambulii habari yoyote.

Muulize kwanza kazi yake ya sasa, anafanya nini Jumatatu hadi Ijumaa. Kisha: ni kitu gani kikibadilika hapo ulipo utabaki? Andika jibu kwa maneno yake mwenyewe. Akisema "wakiniongezea mshahara", huyo ana hatari kubwa ya kukubali nyongeza na kubaki. Akisema "bosi wangu hataondoka miaka mitano ijayo, na mimi nimefika mwisho", huyo ana sababu ya kuhama ambayo pesa haiwezi kuifuta.

Uliza muda wa notisi kama ulivyoandikwa kwenye mkataba wake, maana wengi hukisia. Uliza kama ana mkopo wa mwajiri, bonasi inayolipwa tarehe fulani, au masomo aliyolipiwa ambayo akiondoka mapema anadaiwa. Uliza usaili mwingine alionao na umefika hatua gani. Uliza nani nyumbani anashiriki uamuzi. Kuhusu mshahara, kuna sehemu sheria inakataza kumuuliza mtu anacholipwa sasa. California kwa mfano tangu Januari 2018. Uliza anachotarajia. Ni swali halali, na ndilo unalolihitaji zaidi.

Mwisho kabisa: ruhusa ya kupeleka CV yake, kwa kutaja jina la kampuni. Ruhusa ya jumla haitoshi. Tuma ujumbe mfupi: "Unaniruhusu nikutambulishe kwa kampuni fulani kwa nafasi fulani, na hujatambulishwa kwao na mtu mwingine?" Subiri ajibu "ndiyo" kwa maandishi. Wakala wawili wakipeleka mtu mmoja, ugomvi wa nani alimleta huishia mteja kumwacha mtu mwenyewe ili aepuke kudaiwa ada mara mbili. Mtu anapoteza kazi nzuri bila hata kuambiwa sababu. Ujumbe wa mistari miwili wenye tarehe unazuia hilo.

Kitabu cha Hesabu

Naona wote mnazungumzia ajira za kudumu. Upande wa wafanyakazi wa muda hesabu ni nyingine kabisa, na makosa yake yanaua ofisi.

Chukua mfanyakazi anayelipwa 10 kwa saa. Michango ya kisheria, likizo na bima tuseme 2.20, kwa hiyo gharama yake halisi ni 12.20. Unamtoza mteja 15. Kinachobaki ni 2.80 kwa saa. Watu 20 kwa saa 40 ni 2,240 kwa wiki kabla ya kulipa kodi ya ofisi na mishahara yenu.

Kosa la kwanza: kuchanganya nyongeza juu ya gharama na faida ndani ya bei. Ukiongeza asilimia 20 juu ya 12.20 unapata bei ya 14.64, na hiyo 2.44 uliyoongeza ni asilimia 16.7 tu ya bei. Aliyemuahidi bosi wake faida ya asilimia 20 amekosa kabla hajaanza.

Kosa la pili ni mzunguko wa fedha. Wafanyakazi wanalipwa kila wiki: 12.20 mara saa 800 ni 9,760. Mteja akilipa ankara baada ya siku 45, utakuwa umetoa zaidi ya 60,000 mfukoni kabla hujaona pesa yake ya kwanza. Ukipata mteja mkubwa ghafla unaweza kufilisika ukiwa na faida kwenye karatasi. Panga mkopo wa kugharamia mishahara au siku chache za malipo KABLA ya kusaini.

Kosa la tatu linaonekana dogo: karatasi za saa. Msimamizi wa mteja asiposaini hadi Jumatatu saa nne, mishahara inachelewa, na mfanyakazi aliyecheleweshewa mshahara mara mbili harudi. Weka mtu wa pili mwenye mamlaka ya kusaini tangu siku ya kwanza.

Mezani Upande wa Pili

Mimi niko upande wa mwajiri. Wakala anayepigiwa simu tena ni yule anayeandika mistari mitano juu ya CV: anachofanya mtu sasa, kwa nini anahama, anachotarajia kulipwa, notisi yake, na kasoro moja unayoiona. Hiyo kasoro ndiyo inayotufanya tuamini mengine manne. Ukiniambia "hajawahi kutumia mfumo wenu wa hesabu, atahitaji wiki tatu", naingia kwenye usaili nikijua la kuuliza.

Na tafadhali, watu wakikataliwa waambieni. Tukiwapa sababu, ifikisheni ndani ya siku mbili. Mwombaji anayeachwa kimya anailaumu kampuni yetu, na ana haki.

Bi Shani

Asante sana kwa kusema hivyo. Nami niwaombe waajiri: tumieni maswali yaleyale kwa kila msailiwa, na kila msaili aandike alama zake kabla hawajazungumza. Akianza kusema mkubwa, wengine wote wanafuata.

Nanga77

Tufike kwenye ofa, maana hapo ndipo ada inapopotelea.

Usifikishe ofa kabla hujauliza, "Wakija na kiasi hiki na cheo hiki, utasaini?" Akisita, rudi nyuma utafute kinachomsitisha, mteja bado hajaandika barua. Ofa ikishatoka ikakataliwa, mteja anahisi amedharauliwa.

Akikubali, asiandike barua ya kuacha kazi mpaka awe na mkataba uliosainiwa na pande zote. Kama ofa ina masharti ya uhakiki wa vyeti au wadhamini, asubiri uhakiki ukamilike. Kumhimiza mtu aache kazi mapema ili tarehe zako zitimie ni kumweka hatarini yeye na familia yake.

Ofa ya kubakizwa ijadiliwe kabla haijatokea. Mwambie: siku ukipeleka barua, bosi atakuita, atakuuliza unataka nini ubaki. Utajibu nini? Mrudishie maneno yake ya simu ya kwanza. Usimtishe wala usimdanganye. Kama kweli alichotaka kimetatuliwa, kubaki ni haki yake, na ni afadhali ujue leo.

Kisha simu za nyakati nne: jioni ya siku aliyopeleka barua, mara moja kila wiki ya notisi, siku ya mwisho ya kazi ya zamani, na asubuhi ya siku ya kwanza kazini. Kwenye notisi ya miezi mitatu, mwombe meneja mpya amwalike kwa chai au kikao kifupi mwezi wa pili. Mtu aliyekwisha kukaa meza moja na wenzake wapya ni vigumu kumrudisha nyuma.

Chipukizi_Ajira

Kuna ofisi zinawatoza waombaji "ada ya usajili" au ya fomu. Hiyo ni kawaida ya kazi hii?

Mizani

Hapana, na usifanye kazi kwenye ofisi ya namna hiyo. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, kifungu cha 7, unasema wakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada wala gharama, moja kwa moja au kwa kuzunguka, kwa ukamilifu wala kwa sehemu. Kifungu hichohicho kinaruhusu misamaha kwa makundi fulani ya wafanyakazi na huduma mahsusi, na mkataba unabana nchi zilizouridhia, lakini msimamo wake uko wazi. Mwaka 2019 shirika hilo likachapisha ufafanuzi wa ada na gharama zinazohusiana, zikiwemo vipimo vya afya, majaribio ya ujuzi, mafunzo, vifaa, safari na gharama za kiutawala. Kwa hiyo kubadilisha jina la "ada" kuwa "fomu" au "mafunzo" hakusaidii.

Kwa wanaopeleka watu nje ya nchi hatari ni kubwa zaidi. Mfanyakazi anayeanza kazi akiwa na deni la kulipia kazi hiyo hawezi kuondoka hata akiteswa. Kushikilia pasipoti ya mtu ni miongoni mwa viashiria 11 vya kazi ya kulazimishwa vya shirika hilohilo. Hakuna maelezo ya "usalama wa nyaraka" yanayohalalisha.

Chipukizi_Ajira

Nimeelewa mkuu. La mwisho: nikienda kusailiwa na ofisi ya uwakala, niulize nini kuhusu malipo yangu mimi?

Kitabu cha Hesabu

Uliza mshahara wa msingi ni ngapi, na kamisheni inaanzia wapi. Ofisi nyingi zina kizingiti: lazima uingize kiasi fulani kwa robo mwaka kabla hujapata asilimia yoyote. Uliza kizingiti hicho kinaanza upya kila robo au upungufu unahamishiwa robo inayofuata, maana ukihamishwa, robo moja mbaya inakufuata mwaka mzima.

Uliza kamisheni inalipwa ankara inapotumwa, mteja anapolipa, au dhamana inapoisha. Tofauti inaweza kuwa miezi minne. Uliza mtu akiondoka ndani ya dhamana, kamisheni uliyokwisha kulipwa inakatwa yote au sehemu. Uliza ukiacha kazi wewe mwenyewe, dili zilizokubaliwa lakini mtu hajaanza zinakuwa za nani. Na uliza unakabidhiwa wateja waliopo au unaanza na orodha tupu. Ukianza na orodha tupu kwenye ajira za kudumu, piga hesabu: wiki kadhaa kupata nafasi ya kwanza, wiki nne hadi nane za usaili, notisi ya mwezi mmoja au zaidi, siku 30 za ankara. Uwe na namna ya kuishi kwa mshahara wa msingi kwa nusu mwaka.

Majibu yote uyaombe kwa maandishi kabla ya kusaini.